Baridi ya kwenye simu si baridi ya bustanini

Mwezi wa sita ukifika hapa Lubumbashi, baridi ndo inakuwa habari ya kwanza kila asubuhi, makoti yanatoka, ba mama wa kuuza mikate wanawasha mbabula (jiko la makaa) mapema, na kila mtu anafungua simu anakwambia leo iko 9, jana ilikuwa 11. Mimi hiyo namba siikatai, iko na kazi yake, ila haijapimwa kwako. Simu yako haina kitu cha kupima hewa ya nje, inaenda kuuliza kompyuta za mbali, na zile kompyuta zinapiga hesabu kwa kipande cha nchi cha kilomita kadhaa kwa mara moja, zinachukua vipimo vya vituo vichache, kwetu huku kile kinachojulikana ni cha uwanja wa ndege wa Luano, zinachanganya na satelaiti, halafu mnapewa namba moja mji mzima, wa Ruashi, wa Katuba, wa Golf, wote sawa.

Sasa Luano iko juu, mita 1,300 na kidogo, mahali pa wazi. Bustani yangu iko bondeni upande wa mto Kafubu. Usiku wa kiangazi mbingu ikiwa safi na upepo umelala, udongo unapoteza joto lake haraka, hewa inayougusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka kama maji na kujaa bondeni, na inakaa kule mpaka jua litoke. Alfajiri ya Julai mimi bondeni nakuta digrii tatu, mara nyingine nne chini ya ile ya simu, na ukipanda kidogo tu mpaka kwenye barabara unasikia kabisa kwa uso kwamba hewa imebadilika. Kwa mtu wa mjini digrii nne ni sweta. Kwa mtu wa maharage ni mavuno, sababu yale majani yakiungua na baridi hayarudi tena.

Ndo maana napima mwenyewe, na sipimi tu, naandikisha, yaani kuna kamashini kanakaa nje usiku na mchana kanaweka joto na unyevu kwenye kumbukumbu yake, mimi nakuja kusoma baadaye. Watu wananiuliza kwa nini nisinunue kipimajoto cha kawaida cha ukutani nikiangalie asubuhi na jioni. Nitaeleza kwa nyanya, sababu nyanya ndo zinaeleza vizuri kuliko kitu chochote.

Kila mtu anayelima nyanya wakati wa mvua huku anaijua mildiu. Leo shina liko zima, baada ya siku chache majani yana madoa meusi yenye maji-maji, chini ya jani unaona unga mweupe, na wiki haijaisha shamba lote limeoza. Kidudu chake kinaitwa Phytophthora infestans, na kinataka vitu viwili, ubaridi wa wastani na majani yaliyolowa kwa masaa mengi mfululizo. Huko Uingereza kwa wakulima wa viazi waliweka kanuni tangu miaka ya 1950, inaitwa kanuni ya Smith: siku mbili zinazofuatana, joto la chini kabisa lisishuke chini ya digrii 10, na kila siku kuwe na angalau masaa 11 ambapo unyevu uko asilimia 90 au zaidi. Mwaka 2017 wakaibadilisha na kanuni ya Hutton, digrii zilezile 10 lakini masaa 6 tu yanatosha. Angalieni vizuri hiyo kitu. Kwetu kuanzia Novemba mpaka Machi usiku haushuki chini ya 10, kwa hiyo nusu ya kanuni iko tayari kila siku, kinachobaki kuamua ni masaa ya unyevu. Na masaa hayo karibu yote yanapita usiku wakati wewe umelala! Kipimajoto cha kuangalia asubuhi na jioni kitakwambia asubuhi unyevu ulikuwa juu, sawa, asubuhi unyevu uko juu siku zote, lakini ulianza kupanda jioni mapema au ulianza alfajiri? Hilo ndo swali lenyewe, na linajibiwa na mashini yenye kuandika peke yake. Kanuni yenyewe ilitengenezwa kwa viazi vya Ulaya, siichukui kama amri, naichukua kama kengele ya kunipeleka shambani kugeuza majani moja moja kabla ugonjwa haujaenea.

Hapo kwenye unyevu kuna jambo linawasumbua wengi. Ile asilimia si kiasi cha maji yaliyo hewani, ni sehemu ya maji ambayo hewa ingeweza kubeba kwa joto lile, na hewa ya joto inabeba mengi zaidi. Chukua asubuhi ya Julai, digrii 8, unyevu 95. Mchana hewa ileile, maji yaleyale bila kuongeza wala kupunguza tone, imefika digrii 26, kipimio kinasoma karibu 30. Mtu anaona 30 anasema hewa imekauka, kumbe maji yote yako palepale. Kwa hiyo unyevu bila joto pembeni yake ni namba haina maana, lazima uandike vyote viwili kwa dakika ileile, na joto likikosewa kidogo unyevu nao unaharibika.

Watu walianza mbali kutafuta namna ya kuandikisha hivi vitu. Mwingereza James Six, mwaka 1780, alitengeneza kipimajoto cha bomba lililokunjwa, zebaki inasukuma sindano ndogo ya chuma, joto likipungua sindano inabaki pale ilipofika, unajua kilele cha mchana na baridi kabisa ya usiku bila kukesha, halafu unairudisha kwa sumaku. Bado vinauzwa mpaka leo na mimi navipenda, havitaki piile (betri). Miaka mitatu baadaye, 1783, Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alipima unyevu kwa unywele wa mtu. Unywele safi usio na mafuta unarefuka asilimia 2 na kidogo ukitoka kwenye ukavu kabisa mpaka unyevu kamili, ukiufunga kwenye mkono wa sindano unakupa kipimo. Baadaye wakaunganisha, unywele kwa unyevu, bamba la metali mbili zilizobandikwa pamoja kwa joto, kila moja na kalamu yake, mbele yake ngoma ya karatasi inayozungushwa na saa ya kutia ufunguo, inamaliza mzunguko mmoja kwa wiki.

Kuna mzee mmoja aliyefanya kazi na mashini za aina hiyo zamani, nilimwendea kwake nikamuuliza:

– Papa, karatasi mulikuwa munabadilisha siku gani?

– Kila lundi asubuhi, mwana. Mvua inyeshe, isinyeshe. Unaondoa karatasi, unatia wino, unatia saa ufunguo, unaandika tarehe kwa mkono. Ukisahau tarehe, wiki yote imepotea.

Hiyo ya tarehe nimeishika, nitaifikia.

Asiye na hela ya mashini anaweza kuanza na vipimajoto viwili vya kioo vinavyofanana. Kimoja unakiacha kikavu, kingine unakifunga kitambaa cha pamba mwishoni, kitambaa kinakunywa maji kutoka kwenye kachupa. Maji yakipanda hewani yanapoza kile cha pili, na hewa ikiwa kavu zaidi tofauti inakuwa kubwa zaidi, unasoma jedwali unapata unyevu. Lakini angalia jedwali limetengenezwa kwa wapi. Mengi ni ya usawa wa bahari, sisi tuko juu, mgandamizo wa hewa hapa ni kama hektopaskali 870 badala ya 1013. Kikavu kikisoma 28 na chenye maji 16, jedwali la baharini litakupa karibu asilimia 27, kwetu ukweli uko karibu 30. Kitambaa kioshwe mara nyingi, vumbi jekundu la hapa linakiziba, na maji yawe ya mvua au yaliyochujwa kwa mvuke, ya bomba yanaacha chumvi. Pepea hewa kidogo kabla ya kusoma.

Sasa mashini za umeme. Siku hizi zinafika kupitia mpaka wa Kasumbalesa au mtu anakuletea kutoka Dubai, nyingine ni zile za kusafirishia dawa na chanjo, ndogo za kushika mkononi, zina piile yake, unachomeka kwenye kompyuta zinatoa jedwali. Nyingi zinahifadhi vipimo 16,000 hivi, ukiziambia zipime kila nusu saa ni vipimo 48 kwa siku, unakaa zaidi ya miezi kumi bila kujaza, piile ikivumilia. Mimi kwa mildiu naona kila dakika 15 inatosha kabisa. Vijana wanaopenda kuunga nyaya wanatumia kapteri (vihisi) za bei ndogo, DHT22, BME280, SHT31, na ukiniuliza mimi nitakwambia weka hela kwenye SHT31, DHT22 kwa unyevu inaruhusiwa kukosea mpaka asilimia 5, na kwenye ule mpaka wa 90 asilimia 5 ni kila kitu. Na zote, hata za gharama, zina tabia moja: ndani kuna utando mwembamba unaonyonya mvuke, ukikaa miezi kwenye unyevu wa juu ya 80 unaanza kusoma juu kuliko ukweli. Masika yetu ni hivyo hivyo, kwa hiyo usiamini tu karatasi ya kiwandani.

Kuna njia ya kuhakikisha na haitaki maabara. Chukua chupa ya mayonezi yenye mfuniko unaofunga vizuri, ioshe ikauke. Weka chumvi ya kawaida ya jikoni kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji matone machache mpaka iwe tope zito, chumvi isiyeyuke yote, lazima ibaki inaonekana. Kiweke chini ya chupa, juu yake kamashini kako bila kugusa chumvi, funga, acha usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki, ndani ya kabati ni pazuri. Hewa iliyofungiwa juu ya tope la chumvi inatulia kwenye asilimia 75, iwe ni Lubumbashi au Likasi au Ulaya, joto likiwa 20 au 25 ni ileile. Asubuhi mashini inasema 79? Andika kwenye daftari, hii inazidisha 4. Narudia kabla ya mvua kuanza na baada ya mvua kwisha. Kwa joto tumia barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, funga mashini kwenye sashe isiyovuja, izamishe, isubiri mpaka itulie, inatakiwa isome 0. Maji ya kuchemka usiyatumie, kwanza yataua mashini, pili kwetu maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi sababu ya urefu wa mji, si 100.

Yote hayo ni bure kama utaiweka mahali pabaya, na hapa ndo nataka mtu anielewe hata kama atasahau mengine yote. Kipimajoto kinapima joto lake chenyewe. Jua likikipiga, kinapima jua lililokipiga. Ukikipigilia kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, usiku kitapima joto ambalo tofali limelihifadhi mchana. Chini ya manjanja (mabati) ni tanuru. Mashini ya dola 10 iliyokaa kwenye kivuli chenye hewa inashinda ya dola 200 iliyokaa dirishani. Thomas Stevenson, injinia wa minara ya taa wa Scotland, alilitatua hilo katika miaka ya 1860 kwa kasanduku keupe ka mbao kenye kuta za vibao vya kulala, upepo unapita, jua na mvua havipiti, na mpaka leo vituo vya hali ya hewa duniani vinafuata wazo lake. Juu ya majani mafupi, si sementi, kimo kati ya mita 1.25 na 2, mbali na ukuta angalau mara mbili ya urefu wa huo ukuta.

Mbao nzuri ni ghali, sahani za plastiki ni rahisi. Nunua sahani nyeupe za ukubwa mmoja, nane hivi. Kabla hujalipa inua moja kwenye jua weka mkono nyuma yake, ukiona kivuli cha vidole sahani inapitisha mwanga, iache au uipake rangi nyeupe mara mbili. Moja ya juu iache nzima, na ya chini kabisa nayo, za katikati zikatwe shimo kubwa la kuingiza mashini. Toboa matundu matatu pembeni ya kila moja yakilingana, pitisha vyuma vitatu virefu vya kufunga kwa nati, na kati ya sahani na sahani weka vipande vya kalamu ya biki iliyokwisha, sentimita mbili mbili, ili hewa ipite. Sahani zote ziangalie chini. Ndani mashini ining'inie katikati isiguse plastiki. Mchana usio na upepo na jua kali bado itasoma digrii moja au zaidi juu ya ukweli, hilo lipo kwa vibanda vyote visivyo na feni, lijue tu.

Ukijenga cha mbao kama kile cha Stevenson, utasoma vitabu vya Ulaya vinakwambia mlango uangalie kaskazini. Wa kusini mwa dunia wanasema geuza, uangalie kusini. Lakini sisi tuko digrii 11 na nusu hivi tu kusini ya ikweta, jua linapita utosini kwetu mwishoni mwa Oktoba na tena katikati ya Februari, na katikati ya hizo tarehe adhuhuri linakuwa upande wa kusini! Kwa hiyo mlango wa kusini ni mzuri kiangazi chote, halafu masika jua linaingia ndani ukifungua. Dawa yake ni milango miwili, mmoja kila upande, unafungua ule wenye kivuli. Kwa sahani hiyo shida haipo, duara halina mbele wala nyuma, na hiyo ni sababu nyingine ninayozipendea.

Nguzo iwe ya chuma. Mbao mchwa wa huku wanaimaliza, au uipake mafuta machafu ya gari sehemu inayoingia chini. Agosti na Septemba vichaka vinaungua, moshi na vumbi vinafanya sahani kuwa za kahawia, na sahani ya kahawia inanyonya jua, basi ni sabuni na maji mara kwa mara. Angalia na nyigu, wanapenda sana kujenga ndani.

Mama jirani, yeye analima kiwanja kinachofuata, siku nilipoisimamisha aliniita akauliza, "Mwanangu, huo ni mzinga wa nyuki?" Nikamweleza masaa ya unyevu na mildiu, nikamwonyesha kwenye simu mstari wa usiku unavyopanda. Aliangalia muda mrefu, akasema yeye siku zote alikuwa anajua usiku wa hatari kwa namna moshi wa mbabula unavyokataa kupanda, unalala juu ya bustani. Na ni sahihi kabisa, moshi unalala pale ambapo hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu na hakuna upepo, ndo usiku uleule umande unakaa mrefu. Sasa asubuhi ananiuliza "ilipita masaa mangapi?" kabla ya kuamua kunyunyizia dawa au kungoja, na mimi nikiona moshi umelala naandika kwenye daftari pembeni ya vipimo, sababu jicho lake limeona bustani hii miaka mingi kuliko mashini yangu.

Ile ya tarehe ya yule papa. Mashini za leo hazisahau tarehe lakini zinadanganywa saa. Zinachukua saa ya kompyuta uliyoziwashia, na kompyuta nyingi zilizowekwa na mtu wa Kinshasa ziko kwenye saa ya Kinshasa, sisi tuko mbele saa moja. Utaona kilele cha joto kimekuja saa moja kabla ya wakati wake na utalaumu kapteri. Kagua saa kabla ya kuiwasha, na siku ukiisoma linganisha tena na simu.

Kabla mvua ya mwaka huu haijaanza nataka tuwe na vibanda vya sahani angalau upande wa Kafubu, Ruashi, Kipushi na barabara ya Likasi, tuone mildiu inaanzia wapi na unyevu wa bondeni unazidi wa juu kwa masaa mangapi. Mwenye nacho au anayetaka kujenga aniandikie hapa chini. Ukituma jedwali lako weka na haya: kimo toka chini, chini kuna nini (majani, udongo, sementi), ukuta wa karibu uko mbali kiasi gani, saa uliyotumia, na mara ya mwisho uliipima kwa chumvi ilisoma ngapi. Na picha ya kibanda, tafadhali, mchana, ili nione kivuli kinaangukia wapi.